Kigong'ota na Msitu wa Cherehani

Kisa hiki hakianzi na "hapo zamani za kale". Tarehe zake zinajulikana, mahali pake panajulikana, na hata mkono aliotua kinda wake umepigwa picha. Hamna sungura wala fisi. Yumo ndege mmoja, kampuni ya cherehani, na watu wenye akili timamu waliofanya hesabu zao sawasawa. Angekuwamo fisi ningekisimulia kwa raha zaidi, maana ningejua pa kuitua lawama.

Ndege mwenyewe ni kigong'ota. Wa kwetu tunamjua: mdogo, ana madoadoa, na ukimsikia anagonga hujui yuko mti gani mpaka unga wa mbao ukuangukie kichwani. Wa kisa hiki alikuwa jitu katika ukoo huo. Aliishi kusini mwa Marekani, kwenye misitu ya mabondeni ambayo mito ikijaa huigeuza ziwa. Kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia alikuwa nusu mita. Alikuwa mweusi wa kung'aa mwenye mabaka meupe mabawani, dume akiwa na kishungi chekundu na jike cheusi, na mdomo wao ulikuwa mweupe kama pembe ya ndovu. Wataalamu walimpa jina kwa mdomo huo. Wanavijiji walimwita kwa neno lililowatoka walipomwona: Mola wangu! Likawa ndilo jina lake, ndege wa Mola-wangu.

Mwaka 1809 Alexander Wilson, Mskochi aliyehamia Marekani akawa anazunguka kuchora ndege wa nchi ile, alimpiga mmoja risasi karibu na mji wa Wilmington, North Carolina. Hakufa, aliumia bawa tu. Wilson akamfunika, akaingia naye mjini, na njia nzima ndege analia kama mtoto mchanga hasa, hata watu wakatoka milangoni kutazama kuna nini. Kwenye nyumba ya wageni Wilson akafanya mzaha, akaomba malazi yake na ya mwanawe. Akamfungia ndege chumbani, akashuka kumhudumia farasi. Haikutimia saa moja. Aliporudi alimkuta kigong'ota kapanda juu ya dirisha, kitanda kimejaa vipande vya lipu, na ukutani pana tundu lililobakiza kidogo kutokeza nje. Akamfunga mguu kwenye meza ya mahogani, akatoka kumtafutia chakula. Kurudi, meza imekwisha haribika. Alipokuwa akimchora, ndege alimchana mikono mara kadhaa. Chakula alikikataa chote, na siku ya tatu akafa. Wilson aliandika baadaye kwamba mara nyingi alishawishika kumrudisha msituni kwao. Hakumrudisha.

Mdomo uliobomoa ukuta ule haukuumbwa kwa ajili ya kuta. Kazi yake ilikuwa kubandua magome ya miti iliyokufa karibuni. Mti mkubwa ukianza kufa, mbawakawa huufuata kutaga mayai, na mabuu yao manene hukua chini ya gome lingali limeshika. Baada ya miaka miwili mitatu gome hulegea, mabuu hayo hupungua, na wadudu wengine wadogo huingia. Kigong'ota huyu aliishi ndani ya kile kipindi kifupi, wakati gome ni gumu kiasi kwamba wenzake wadogo hawaliwezi. Yeye alifungua, wengine wakaja nyuma yake kuokota. Matundu aliyoyachonga kwa ajili ya kutagia, akishayahama yalipata wapangaji: bata wa mitini, bundi, kindi, nyuki. Asiyeweza kuchonga hungoja kwa anayeweza. Ndivyo misitu mingi duniani inavyogawana nyumba.

Lakini miti mikubwa haifi kila siku. Ili jozi moja ya vigong'ota hawa ipate miti iliyokufa juzi, mwaka huu na mwakani na mwaka wa kumi, ilihitaji msitu wa kiasi cha kilomita 16 za mraba, tena msitu mzee. Msitu wa vijana hauna maiti. Na hapa ndipo ndege huyu alipogongana na binadamu, kwa sababu mwenye msitu akitembea katika mali yake na kuona mti umekauka, haoni ghala la mtu. Anaona hasara iliyosimama wima, na ushauri anaopewa ni mmoja: uangushe kabla haujaoza, upate mbao.

Baada ya vita vya Wamarekani vya wenyewe kwa wenyewe, makampuni ya mbao yaliingia kusini na kuifyeka misitu ya mabondeni mmoja baada ya mwingine. Wakusanyaji wa ndege nao hawakulala. Jinsi kigong'ota alivyozidi kuadimika ndivyo ngozi yake ilivyopanda bei, na leo ngozi zaidi ya 400 zimo kwenye droo za makumbusho. Kufikia miaka ya 1920 wengi waliamini amekwisha.

Mwaka 1932 mwanasheria mmoja wa Louisiana, Mason Spencer, aliyekuwa pia mbunge wa jimbo, aliwaambia wakuu wa wanyamapori kwamba yupo, tena yuko msitu wa jirani na kwake. Hawakumwamini. Wakampa kibali cha kumpiga mmoja, wakidhani hatarudi na kitu. Akarudi naye, amekufa. Ushahidi kwamba ndege bado yuko hai ukawa maiti yake.

Msitu ule ulikuwa mali ya Singer. Jina hilo hakuna aliyewahi kushonewa nguo huku kwetu asiyelijua: mashine nyeusi yenye shingo, maandishi ya dhahabu, fundi amekaa barazani mguu unakanyaga chini, sindano inakimbia. Fundi aliyenishonea sare za shule alikuwa nayo, na ubao wa meza yake ulikuwa umelainika kwa miaka ya viwiko. Sikuwahi kujiuliza mbao za mashine kama zile zilitoka misitu ya wapi. Katika miaka ya 1910 kampuni hiyo ilinunua ekari zipatazo 81,000 huko Madison, Louisiana, iwe akiba ya mialoni ya kutengenezea makabati ya cherehani. Haikuikata upesi. Iliweka walinzi, ikazuia wawindaji, na kwa muda wa miaka ishirini na ushei mmoja wa misitu mikongwe ya mwisho iliyobakia kusini ulikaa salama kwa sababu ya akiba iliyosahaulika.

Mwaka 1935 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Arthur Allen, waliingia humo na mitambo ya kunasa sauti iliyopakiwa kwenye gari la kukokotwa na nyumbu, maana njia ilikuwa tope tupu. Walirekodi sauti ya ndege wa Mola-wangu, mlio mwembamba kama tarumbeta ya kitoto. Sauti ile ndiyo tuliyo nayo hadi leo. Mmoja wao, kijana James Tanner, alirudi mwaka 1937 na akatumia miaka mitatu kumfuata ndege huyu msituni na kumtafuta kila jimbo alikodaiwa kuonekana.

Tarehe 6 Machi 1938 Tanner alipanda mti kumvisha kinda pete mguuni. Kinda alikuwa karibu kuruka. Baada ya kuvishwa pete, kinda akachomoka tunduni, akapapatika na kuporomoka mpaka chini kwenye magugu na mizabibu mwitu. Tanner akashuka mbio. Akamkuta mzima, analalamika kwa sauti kubwa. Akamweka kwenye mkono wa J. J. Kuhn, mlinzi wa msitu aliyekuwa kiongozi wake, na kinda akafanya lile alilozaliwa kulifanya: akapanda. Akaukwea mkono kama anakwea shina, akafika begani, akafika kwenye kofia. Tanner akapiga picha zake, kisha akamrudisha tunduni. Kuhn pichani ameduwaa, kinda yuko juu ya kofia amejaa kiburi. Hakuna picha nyingine zinazojulikana za kinda wa aina hiyo.

Wakati ule ule miti ilikuwa imekwisha uzwa. Singer ilitoa haki ya kukata kwa kampuni ya mbao ya Chicago Mill and Lumber, na misumeno ikaanza kazi. Tanner alikadiria mwaka 1939 kwamba nchi nzima wamebaki vigong'ota hawa wasiozidi 24. Alichokipendekeza si kufunga msitu wote. Alisema sehemu zenye ndege ziachwe, kwingine kukatwe kwa kuchagua, na miti inayokufa iachwe imesimama. Ombi dogo kama hilo, kuacha visivyouzika vizuri, ndilo lililoonekana upuuzi.

Shirika la Audubon la kuhifadhi ndege lilipiga hodi kila mlango. Magavana wa majimbo manne, Louisiana, Arkansas, Tennessee na Mississippi, walitia saini barua moja kuomba msitu uokolewe. Louisiana ilikuwa tayari kutoa dola 200,000. Desemba 1943 wakubwa wa kampuni waliketi na watu wa uhifadhi, wakakataa. Vita vya pili vilikuwa vimepamba moto, mbao zinatakiwa, na watu wa kukata walikuwa hawapatikani, basi wakaletwa mateka wa vita wa Kijerumani kushika misumeno. Sijui kama kuna picha iliyo kamili zaidi ya jinsi mambo yanavyokwenda: mfungwa asiyejua jina la mti, anakata ghala la ndege asiyejua jina lake, kwa amri ya watu waliosoma ripoti nzima.

Aprili 1944 mchoraji Don Eckelberry alitumwa kwenda kumchora wa mwisho kabla hajatoweka. Alimpata jike mmoja, peke yake, analala kwenye tundu la mti ulioachwa katikati ya ukataji. Kwa karibu wiki mbili Eckelberry alimvizia na karatasi zake, watoto wawili wa pale wakiwa wamemfuata kuona. Jioni jike alirudi, akaita, hakuitikiwa, akaingia kulala. Baada ya hapo hakuna aliyemwona ndege huyu Marekani kwa namna iliyokubaliwa na wote.

Watu walijifariji kwa Kuba. Kisiwani humo walikuwapo vigong'ota wa mdomo wa pembe, na vitabu vilisema ni hawa hawa wenye tofauti ndogo za manyoya. Basi wa Louisiana wakiisha, siku moja wataletwa binamu zao wajaze pengo. Faraja hiyo ilikaa mpaka wataalamu walipokwenda kuuliza damu yenyewe.

Sisi DNA tunaijua zaidi kwa kesi za kumtafuta baba. Kule ilitumika kumtafuta bibi. Robert Fleischer wa taasisi ya Smithsonian na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2006, walichukua vipande kutoka ngozi za makumbusho na kusoma vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo mama huwapa wanawe na baba hatii mkono. Wakalinganisha ndege wa Marekani, wa Kuba, na jamaa yao mkubwa zaidi wa milima ya Mexico. Jibu lilikuwa kwamba matawi hayo matatu yaliachana kiasi cha miaka milioni moja iliyopita. Wa Kuba hakuwa mgeni aliyevuka bahari juzi. Alikuwa na ukoo wake, na wa Marekani alikuwa na wake, na ulipokatika haukuwa na pacha mahali popote. Kufikia hapo swali lenyewe lilikuwa limechelewa: kule Kuba aliyeaminika aliyeonekana mwisho ni wa mwaka 1987, na yule wa Mexico alinaswa kwenye filamu mwaka 1956, basi. Tena angalia kejeli hii: ngozi zilizotoa ushahidi ni zile zile za wakusanyaji waliosaidia kummaliza.

Mtu atasema, ndiyo mambo ya kale hayo, siku hizi wamejifunza. Wamejifunza, ila bei ya somo ni kubwa. Yuko kigong'ota mwingine wa kusini mwa Marekani, mdogo, mwenye mashavu meupe, anayeishi kwenye misonobari ya majani marefu. Misonobari hiyo zamani ilifunika ekari kama milioni 90. Ikaja ikabaki ekari milioni 3 hivi. Huyu hachongi mti mkavu. Hutafuta msonobari ulio hai lakini mzee, wenye miaka 80 na zaidi, ambao kuvu limeshalainisha kiini chake, na hata hivyo kuchonga tundu moja humchukua miaka. Hudonoa vitobo kuzunguka mlango, utomvu ukatiririka shina zima, nyoka akipanda ananasa na kuteleza. Mabwana misitu waliotembea na rangi zao kutia alama miti ya kukatwa walianza na ile iliyooza ndani. Miti migonjwa, walisema. Walikuwa wanasafisha.

Familia za ndege hawa hukaa pamoja. Vijana wa kiume hubaki nyumbani kuwasaidia wazazi kulisha wadogo zao, mabinti huondoka kutafuta wachumba. Msitu ukikatwa vipande, binti anaruka na kukuta shamba, barabara, mji. Anarudi, au anaolewa na ndugu. Watafiti wa North Carolina waliwafuata kwa miaka mingi na kuona kwamba jozi za ndugu wa karibu huangua mayai machache na hukuza makinda wachache. Ndege bado wapo, wanagonga, wanalia asubuhi, na huku ukoo unaisha ndani kwa ndani.

Pale Savannah River, South Carolina, eneo la serikali lililokuwa likitengeneza malighafi ya mabomu ya nyuklia, mwaka 1985 walikuwa wamebaki wanne. Wanne! Kuanzia mwaka uliofuata hadi 1996 zilifanywa safari 54 za kuhamisha ndege, wengine wakitolewa misitu ya mbali ili damu ichanganyike. Yaliwekwa matundu bandia 305, mafundi wakipanda ngazi na msumeno wa mota, wanakata shimo kwenye msonobari na kupachika kisanduku cha mbao. Waliondolewa kindi 2,304 waliokuwa wakivamia matundu hayo. Vinasaba vilipimwa kujua nani mtoto wa nani (kwa taarifa yako, karibu ndoa zote zilikutwa ni za uaminifu). Baada ya jasho lote hilo wakafika 99.

Na bado kuna la Mungu. Septemba 1989 kimbunga Hugo kilipita kwenye msitu wa Francis Marion katika jimbo hilo hilo, ambamo walikuwamo wengi na hawakuhitaji msaada wa mtu. Kwa usiku mmoja kiliangusha miti 87 katika kila 100 iliyokuwa na matundu, na kuua zaidi ya nusu ya ndege. Waliobaki waliokolewa kwa vile visanduku. Kama misonobari mizee ingekuwa bado imesambaa majimbo yote, Hugo kingekuwa msiba wa kijiji kimoja, si wa ukoo. Oktoba 2024, baada ya zaidi ya miaka 50 ya ulinzi, serikali ya Marekani ilimshusha daraja kutoka walio katika hatari ya kutoweka hadi walio hatarini kidogo. Mafundi wa visanduku bado wako kazini.

Wa Mola-wangu hakupata hata visanduku. Mwaka 2005 ilitangazwa kwa shangwe kwamba ameonekana Arkansas. Video ikachambuliwa, wengine wakasema ni jamaa yake mweusi anayefanana naye, na ubishi haujakwisha. Mwaka 2021 serikali ilipendekeza atangazwe ametoweka. Mwaka 2023 ilipotoa orodha ya waliotoweka, jina lake halikuwamo. Kwa makaratasi basi, si hai wala si maiti. Msitu wa Singer sehemu kubwa uligeuka mashamba ya soya, na sehemu iliyobaki ilifanywa hifadhi ya Mto Tensas mwaka 1980, miaka 36 baada ya yule jike kuita asiitikiwe.

Pwani yetu ina kigong'ota ambaye hata jina lake la kitaalamu ni la Mombasa. Yeye na wenzake hawadai kilomita 16. Wanataka tawi lililokufa kwenye mwembe, au mnazi uliokatika kichwa ambao watu wanauita wa bure kwa kuwa haupandwi wala haugemwi. Mwaka mmoja nyuma ya nyumba yetu tuliuangusha mmoja wa namna hiyo. Haukuwa unaegemea paa, haukuwa njiani, ulikuwa unachukiza macho tu. Ulipogonga chini ulipasuka, na kati ya unga wa mbao walikuwamo makinda watatu, uchi, macho hawajafungua, midomo juu wanaomba chakula. Tuliwaweka kwenye kifuu na pamba. Hawakumaliza siku mbili.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Kama una mnazi mkavu uani na hautishii paa wala mtu, usimwite mwenye msumeno mwaka huu. Nenda asubuhi, simama mbali, tazama karibu na kilele. Tundu la duara lenye ukingo msafi si ugonjwa wa mti.